Sura ya Tano: Sahani Iliyofunikwa

Ukitaka kujua ndugu wanaishije, usiwaulize. Subiri mmoja wao achelewe kurudi, kisha uingie jikoni ukaangalie alichowekewa.

Sahani ya mtu aliyechelewa haidanganyi. Kuna inayopakuliwa mwisho, wote wakishashiba: wali wa pembeni mwa sufuria, mchuzi usio na kitu, samaki upande wa mkia. Na kuna inayopakuliwa kwanza, kabla mtu mwingine hajatia mkono. Hiyo utaijua tu. Mchuzi umewekwa kwenye kibakuli peke yake ili wali usilowe. Bamia hazimo, kwa kuwa mwenyewe hali bamia tangu utotoni. Pilipili imekatwa ikawekwa ukingoni. Juu yake kuna kawa, na kama kawa hakuna, sahani nyingine imefunikwa kifudifudi na kuwekewa kitu kizito, paka asije akaisukuma.

Hakuna hata kimoja hapo kilichogharimu shilingi ya ziada. Chakula ni kilekile walichokula wengine, kimenunuliwa kwa pesa zilezile. Kilichoongezeka ni kwamba mtu mmoja, naye ana njaa yake, alimkumbuka mwenzake asiyekuwepo. Na akamkumbuka sawasawa, mpaka na bamia zake.

Sura iliyotangulia ilihusu wazazi. Hii ni ya ndugu: kaka na dada wanaoishi chini ya paa moja, wawe bado watoto au watu wazima waliopanga chumba na sebule mjini. Ninalotaka kulisema ni moja. Msaada mkubwa wa ndugu hubadilisha maisha, lakini vitu vidogo ndivyo vinavyoulinda undugu wenyewe. Na vinaulinda kwa sababu ambayo hatuitaji mara nyingi: hata mdogo, maskini na asiye na kazi anaweza kuvitoa.

Kesi ya ukoko

Tusiwasifu watoto kwa wema wasio nao. Nyumba yenye watoto wanne ni mahakama inayokaa kila siku, na kesi nyingi ni za chakula. Nani alilamba mwiko jana? Nani alipewa andazi lililoumuka vizuri? Firigisi ya nani? Na juu ya zote, kesi ya ukoko: ule wa wali wa nazi, uliokauka ukawa mwekundu, unaobanduka kipande kizima na kulia mdomoni. Watu wazima wenye vyeo vyao bado wanakumbuka ukoko walioporwa wakiwa darasa la tatu, na aliyeupora wanamkumbuka kwa jina.

Akina mama wengi wana sheria ya kumaliza kesi hizi: anayegawa huchagua mwisho. Mpe mtoto kisu na chapati moja, mwambie aikate vipande viwili, kisha mwambie kwamba mdogo wake ndiye atakayeanza kuchagua. Utamwona anapima kwa kidole, anarudisha kisu nyuma kidogo, anainama kutazama kwa pembeni, anasogeza tena. Ugomvi umekwisha kabla ya kuanza.

Hiyo ni haki, bado haijawa ukarimu. Lakini haki lazima itangulie, maana mtoto hawezi kutoa kitu ambacho hana hakika kwamba ni chake. Ndiyo sababu nyumba ambamo mkubwa huambiwa kila saa “mwachie mdogo wako” haizai watu wakarimu. Inazaa watu wanaoficha. Mtoto aliyelazimishwa kuachia mwanasesere wake hakutoa chochote. Amenyang'anywa, na mdogo wake amejifunza kwamba kilio kinalipa.

Ukarimu unatoka wapi basi? Wengi tungesema unaanzia moyoni, kisha unateremka mikononi. Utafiti mmoja uliofanywa Kenya unaonyesha kwamba safari hiyo inaweza kwenda kinyume. Carol Ember, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliwachunguza wavulana wa Kijaluo magharibi mwa Kenya, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1973. Katika jamii ile kazi za ndani zilihesabiwa kuwa za wasichana. Lakini nyumba nyingine hazikuwa na msichana wa umri unaofaa, na mama aliyezidiwa na kazi akamkabidhi mvulana: bembeleza mtoto, angalia chungu, chota maji. Ember aliona kwamba wavulana waliopewa kazi hizo, hasa zile za ndani ya nyumba, hawakuwa wabinafsi kama wenzao. Hawakupewa kazi hizo kwa sababu ya upole wao. Walizipata kwa sababu dada hakuwepo, na upole ukaja baadaye.

Beatrice na John Whiting nao walilinganisha watoto wa jamii sita za sehemu mbalimbali za dunia, mojawapo ikiwa Nyansongo katika nchi ya Wakisii. Katika kitabu chao cha mwaka 1975 walionyesha kwamba watoto waliopewa kazi za kweli za nyumbani, hasa kulea wadogo zao, walikuwa wepesi zaidi kujali na kusaidia. Watoto wa Nyansongo walikuwa miongoni mwao. Watoto wa mji mdogo wa Marekani uliokuwa kwenye utafiti huo, ambao kazi zao nyingi zilikuwa za kupanga vitu vyao wenyewe, walielekea zaidi kudai msaada na kutaka kutazamwa.

Kwa lugha ya nyumbani maana yake ni hii. Mtoto wa miaka minane aliyewahi kumbeba mdogo wake kwa mbeleko anajua uzito wake, na anakijua kilio chake cha njaa na kilio chake cha usingizi. Elimu hiyo haifutiki. Miaka 20 baadaye ndiye atakayekumbuka kwamba fulani hali bamia. Bila shaka kuna mpaka: mbeleko isimtoe mtoto shuleni. Lakini mtoto asiyeguswa na kazi yoyote ya mwenzake, ambaye dada wa kazi humfanyia kila kitu na kuwafanyia ndugu zake pia, tunamnyima kitu ambacho baadaye hatutaweza kumnunulia.

Dengu za Yakobo

Kitabu cha Mwanzo kina kisa cha mapacha wawili na bakuli moja. Esau, aliyetangulia kuzaliwa, anarudi kutoka porini akiwa hoi. Yakobo amepika dengu. Angeweza kumpakulia kaka yake, yakaisha. Badala yake anataja bei, tena bei yenyewe ni haki ya mzaliwa wa kwanza, na kabla ya kutoa chakula anadai kiapo. Esau anaapa, anakula, anakunywa, anaondoka.

Baadaye Yakobo anaichukua kwa hila na baraka ya baba yao, na hasira ya Esau inamfanya akimbilie ughaibuni kwa mjomba wake Labani. Anakaa huko miaka 20. Siku anayorudi anamwogopa kaka yake kiasi cha kutanguliza zawadi njiani, kundi baada ya kundi: mbuzi 220, kondoo 220, ng'ombe 50, punda 30, na ngamia 30 pamoja na ndama wao. Bila kuhesabu ndama hao, ni wanyama 550. Hiyo ndiyo gharama ya kwenda kuonana tena na ndugu ambaye siku moja alihitaji chakula tu.

Wasomaji wengi hubaki na ujanja wa Yakobo. Mimi hunivutia Esau. Anamkimbilia mdogo wake, anamkumbatia, wanalia wote wawili. Kisha anauliza makundi yale ni ya nini, na akielezwa anakataa: yeye anavyo vya kutosha. Yakobo anamsihi, anamsihi tena, na mwisho Esau anapokea. Hakuwa na shida ya mbuzi. Lakini angewarudisha wote, Yakobo angebaki mdeni wake hadi kaburini, na mdeni hakai kwa raha na anayemdai hata wakiwa wamezaliwa siku moja. Esau alimpa Yakobo nafasi ya kutoa. Katika kisa kizima sioni zawadi iliyozidi hiyo.

Kaka aliyesomesha

Kwetu deni kubwa la ndugu kwa kawaida ni la ada. Tanzania ilifuta ada za shule za msingi mwaka 2001, Kenya ikafanya hivyo mwaka 2003, na kuanzia mwaka 2016 Tanzania ikaondoa ada hadi kidato cha nne katika shule za serikali. Kabla ya hapo, mzazi alipokwama, mzigo ulimwangukia kifungua mimba aliyetangulia kupata kazi. Na hata baada ya ada kuondoka, sare, madaftari, nauli na gharama za chuo vimebaki. Karibu kila ukoo una kaka au dada wa namna hii. Wapo waliochelewa kuoa kwa ajili ya wadogo zao, na wapo walioacha shule wenyewe ili anayefuata aendelee.

Deni kama hilo halilipiki, na hapo ndipo mambo huharibika kwa pande zote mbili. Aliyesomesha anaanza masimango: “Viatu vya kwendea shule ulivalishwa na nani?” Aliyesomeshwa anaanza kuikwepa simu. Qurani, katika Surat Al-Baqarah aya ya 264, inawaonya waumini wasizibatilishe sadaka zao kwa masimango na maudhi. Onyo hilo lingefaa kubandikwa kwenye mlango wa jokofu katika kila nyumba yenye kaka mkubwa.

Simu nazo zimeleta jambo jipya. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na tangu hapo msaada wa ndugu unaacha ujumbe: kiasi, tarehe, saa na jina. Zamani aliyempa kondakta wa basi bahasha ya nyumbani alikuwa amekwisha sahau ilikuwa na shilingi ngapi kabla mwaka haujaisha. Siku hizi mtu akikasirika anapandisha jumbe zake juu na kukusomea moja moja.

Hata hivyo, humohumo kwenye simu umezaliwa ungwana wake. Ndugu anayekutumia 20,000 anaweza kuituma kavu, ukakatwa ukifika kwa wakala. Au anaweza kuongeza na ya kutolea. Nyongeza yenyewe ni ndogo, na anayeongeza mara nyingi hata haisemi. Lakini anayepokea akiona ile 20,000 inaingia mkononi kamili, anajua kwamba aliyetuma alimfikiria mpaka pale dirishani kwa wakala. Hapo akili ya aliyeweka mchuzi kwenye kibakuli chake imefanya kazi tena, safari hii kwa mtu aliye mbali.

Mwache naye atoe

Chukua mfano wa kaka anayeendesha bodaboda na mdogo wake wa kike anayesoma chuo, wamepanga Mbagala. Kodi ya chumba analipa kaka. Umeme wa LUKU ananunua kaka. Unga, mchele, gesi: kaka. Ukiyaandika yote kwenye daftari, upande wa dada utabaki mweupe.

Lakini kaa nao siku moja. Dada anaamka mapema, anachemsha chai na kumtilia kaka kwenye chupa, kwa sababu kaka atapita saa nne baada ya abiria wa asubuhi, na chai iliyopoa haimalizi. Koti la mvua lililorudi jana limelowa amelianika, halikulala limekunjwa likapata harufu ya uvundo. Kwenye soketi ya sebuleni simu ya kaka ndiyo inayotangulia kuchajiwa, maana wateja wamo humo, yake itafuata. Kaka naye ana mambo yake. Umeme ukikatika usiku yuko kijiweni, ananunua palepale na kumtumia zile tarakimu 20, ili asikae gizani akimsubiri arudi. Na kipindi cha mitihani akirudi usiku wa manane, anazima injini kwenye kona na kuisukuma pikipiki mpaka mlangoni. Nani alimwambia afanye hivyo? Hakuna.

Siku moja dada anapata pesa kidogo kwa kuwasuka wenzake hosteli, anarudi na glavu za kuendeshea.

“Kaka, nimekuletea hizi. Za zamani zimetoboka.”

Hapa ndipo kaka wengi huteleza. “Ungetunza hela yako, mdogo wangu. Hizi umenunua za nini?” Kaka anadhani anamhurumia. Kumbe mlango mmoja uliokuwepo wa mdogo wake kusimama naye sawa, ameufunga. Tunasema kutoa ni moyo, kisha asiye na pesa akitaka kutoa tunamzuia. Kinachofaa ni kifupi: azivae palepale, akunje na kukunjua vidole, aseme “Zimenikaa,” na kesho aende nazo kazini. Baada ya hapo, chai ya dada haitakuwa tena malipo ya kodi. Itakuwa chai.

Kwa hiyo anayetoa makubwa ana wajibu ambao hakuna anayemfundisha: kujifunza kuhitaji. Akubali kusukwa, kupigiwa pasi shati, kuagiziwa dawa, kulipiwa daladala. Mtu anayetoa kila siku na hapokei kamwe hana ndugu. Ana watu anaowalisha, na siku akiishiwa atashangaa jinsi walivyotawanyika.

Kuna mpaka mwingine, nao ni wa kutazamwa kwa macho makavu. Kitu kidogo ni zawadi pale tu kinapoweza kukosekana bila vita. Wasichana wengi wameletwa mjini na kaka au dada kwa ahadi ya shule au cherehani, wakaishia kuwa watumishi wasio na mshahara: wanaamka wa kwanza, wanalala wa mwisho, wanafua mpaka nguo za shemeji. Tukiita hali hiyo upendo wa kifamilia tunajidanganya. Kipimo chake si kigumu. Siku huyo mdogo asipopika, inakuwaje? Kama wengine wanatafuta mkate na chai na kucheka, alikuwa anatoa. Kama nyumba inawaka moto, alikuwa anatumikishwa.

“Umekula?”

Ndugu wana namna yao ya kupatana. Marafiki wakikosana wataombana radhi, wanandoa wataitiwa wazee. Ndugu waliorushiana maneno asubuhi hawafanyi kikao. Jioni mmoja anapita karibu na mlango wa mwenzake na kuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, “Umekula?” Mwenzake akijibu “Bado,” ugomvi umekwisha. Akijibu “Nimeshiba” huku tumbo linanguruma, kesi imeahirishwa mpaka kesho. Wanaofunga wanazijua siku hizi vizuri: waliolala wamenuniana wakati wa Ramadhani, saa kumi alfajiri mmoja atagonga mlango kumwamsha mwingine kwa daku, maana kununiana ni kununiana, lakini huwezi kumwacha ndugu yako afunge na tumbo tupu.

Kusuka nako kuna faida yake. Jumapili mchana, mkubwa kwenye kigoda, mdogo kwenye mkeka katikati ya magoti yake, kopo la mafuta pembeni. Kichwa kizima cha nywele kinachukua saa kadhaa, na msukaji anajua upande gani unauma, analegeza mkono akifika hapo bila kuambiwa. Wawili hao hawatazamani usoni. Ndiyo maana mambo yasiyosemeka mezani husemeka pale: mwanamume anayemsumbua mdogo, mtihani uliofeliwa, deni la duka. Saluni itasuka vizuri zaidi, lakini hayo hutayasikia huko.

Methali inasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune: usiingilie, watapatana wenyewe. Mara nyingi ni kweli. Inaposhindwa, mara nyingi hushindwa kwenye mirathi. Wazazi wameondoka, imebaki nyumba ya vyumba sita na msimamizi wa mirathi, na ghafla kila mmoja anakumbuka nani alinunua bati, nani alilipia matibabu ya mzee, nani alikaa bure miaka yote. Mahakama inaweza kugawa vyumba na mashamba. Haina uwezo wa kuwapa ndugu sababu ya kuendelea kusalimiana.

Sababu hiyo ndugu huingia nayo kwenye kikao au huikosa. Walioishi kwa kuhesabiana ada na miamala watakuja na hesabu zao, na kila hesabu itakuwa ya kweli, na hakuna itakayolingana na nyingine. Waliowekeana chakula, wakasukumiana pikipiki, wakavaa glavu walizoletewa, nao watabishana, maana nyumba ni nyumba. Tofauti ni kwamba hapo hakuna anayeamini kwamba yeye ndiye peke yake aliyekuwa akitoa. Mtu asiyeamini hivyo ni rahisi kumwambia, “Kaka, chumba cha mbele chukua wewe,” na ni rahisi kwake kujibu, “Basi wewe chukua cha uani, na bati tutabadilisha pamoja.”

Kazi hiyo haiwezi kuanza siku ya kikao. Inaanza sasa, tena haihitaji mtaji. Kama wewe ndiye mwenye uwezo nyumbani, wiki hii mwombe mdogo wako akufanyie jambo moja unaloweza kulifanya mwenyewe, na akilifanya usimwongoze wala usimlipe. Sema asante, uishie hapo. Kama wewe ndiye usiye na kitu, pakua kwanza ya yule atakayechelewa, kabla hamjaanza kula.